Siku 14 za bure hazifungi hesabu Kibirizi

Ukipita Mwanga, hapa Kigoma mjini, siku hizi, kwenye maduka ya jumla yaliyolizunguka soko, si ajabu kumkuta kijana ameegemea kaunta na kishikwambi mkononi, anamweleza mwenye duka habari za mfumo wa mauzo. Utauza, utatoa risiti, utajua kilichobaki stoo, utaona nani unamdai, na yote hayo utayasoma ukiwa nyumbani. Maneno ya kufungia ni yaleyale: jaribu bure siku 14, ukiridhika ndipo ulipie. Mwenye duka anakubali, maana hakuna anachopoteza, au ndivyo anavyodhani. Wiki chache baadaye kaunta buku limerudi mezani, na yule kijana akipiga simu inaita hadi inakata.

Jambo hili limezaa maelezo mawili ambayo nimeyasikia mno. Vijana wa mifumo wanasema wafanyabiashara wa Kigoma hawako tayari kwa teknolojia, wanapenda vya bure na muda ukiisha wanakimbia. Wafanyabiashara nao wanasema mifumo hiyo imetengenezwa kwa ajili ya maduka ya Kariakoo, huku kwetu haishiki. Kila upande unamlaumu mwenzake, na hakuna anayelitazama lile jaribio lenyewe. Mimi naona ndilo lenye kasoro. Siku 14 za bure ni njia ya kuuza iliyokomaa mahali ambapo mteja hulipa kwa kadi iliyokwisha kuhifadhiwa, hujifundisha mwenyewe bila mtu kumfuata, na biashara yake haibadiliki sana wiki hadi wiki. Kigoma hayo matatu ni nadra. Kampuni ya mifumo inayotaka kuishi hapa iache kugawa siku, ijiulize ni kazi ipi ya mteja inayopaswa kukamilika kabla hajatakiwa kuamua, na nani agharamie safari ya kufika hapo.

Desturi yenyewe si ya jana. Mwaka 1982 Wamarekani wawili, Andrew Fluegelman na Jim Knopf, walianza kusambaza programu zao, PC-Talk na PC-File, bila kumdai mtu kwanza: chukua, tumia, mpe na mwenzako, ukiona inakufaa nitumie pesa. Aliyenakili diski alinakili kwa gharama yake, kwa hiyo wasiolipa, hata wakiwa maelfu, hawakumtia mtunzi hasara. WinRAR, programu ya kubana na kufungua mafaili, imebaki na moyo huohuo. Inakupa siku 40, zikiisha inakukumbusha kulipa, kisha inaendelea kufungua mafaili kana kwamba hakuna kilichotokea, na utani kwamba hakuna anayeilipia umeenea dunia nzima. Mambo yaligeuka programu za biashara zilipohamia kwenye intaneti na kulipiwa kwa kipindi, njia ambayo Salesforce, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa 1999, ilikuwa miongoni mwa walioifungua. Hapo mtengenezaji akapata swichi ya kukuzimia. Akapata na namba ya kadi yako ya benki.

Hiyo kadi ndiyo inayobeba hesabu ya wenzetu, ingawa wanaoiga mtindo huu hapa nchini hawaisemi. Kampuni nyingi za Marekani na Ulaya humtaka mteja aandike kadi yake siku ya kwanza ya majaribio. Muda ukiisha, pesa zinakatwa zenyewe. Aliyependa anakatwa, aliyesahau anakatwa, aliyekusudia kujitoa lakini akabanwa na shughuli naye anakatwa. Malalamiko yakawa mengi hadi Visa, kampuni ya kadi za malipo, ikabadili kanuni zake Aprili 2020, ikawataka wauzaji wapate ridhaa ya wazi ya mteja na wamkumbushe kabla majaribio hayajageuka malipo. Tume ya biashara ya Marekani, FTC, nayo ilitoa kanuni Oktoba 2024 ya kumrahisishia mteja kujitoa, ambayo mahakama ya rufaa iliitengua Julai 2025. Kanuni za namna hiyo zisingehitajika kama usahaulifu wa mteja usingekuwa sehemu ya mapato.

Sasa ulete mtindo huo Kibirizi, hapahapa Kigoma. Mteja wa hapa analipa kwa Lipa Namba au kwa pesa za simu: afungue menyu, aandike namba, aweke kiasi, aweke namba ya siri, na mwezi ujao arudie. Ule usahaulifu unaomfanya mtu wa Chicago aendelee kulipia kitu asichokitumia ndio unaomfanya wa Kibirizi aache kulipia kitu anachokipenda. Kule asiyefanya chochote amebaki, huku asiyefanya chochote ameondoka. Kwa hiyo kampuni inayosoma takwimu za nje kuhusu wangapi hubaki baada ya majaribio, kisha ikaja kushangaa Kigoma, imelinganisha njia mbili za kulipa ikidhani imelinganisha wateja wawili.

Gharama nayo ni tofauti. Mteja anayetarajiwa na mtindo ule hujisajili usiku wa manane, akatazama video, akapandisha orodha ya bidhaa zake kutoka kwenye faili alilokuwa nalo. Duka la vifaa vya ujenzi la Mwanga halina faili. Lina misumari ya inchi mbalimbali, mabati ya geji mbalimbali, nondo, rangi, saruji, vitasa na makufuli yasiyo na idadi, na bei ziko kichwani mwa mwenye duka na mdogo wake. Lazima mtu aje, akae, aulize, ahesabu, aandike. Tupige hesabu ya mfano tu. Tuseme kumwandaa mteja mmoja kunakula shilingi 60,000 za nauli na posho, na mfumo unalipiwa 30,000 kwa mwezi. Ukiandaa maduka kumi umetoa 600,000. Wakibaki wawili watakuletea 60,000 kwa mwezi, kwa hiyo utasubiri miezi kumi urudishe pesa ya majaribio peke yake, hujagusa seva, pango wala mshahara wako. Akibaki mmoja ni miezi ishirini. Kampuni changa haifiki huko, na nadhani ndiyo sababu baadhi ya namba za msaada zilizobandikwa kwenye kuta za maduka hayo hazipokelewi tena.

Linalonisumbua zaidi ni kalenda. Biashara ya sehemu kubwa ya Kigoma mjini, Katonga na Kibirizi inakwenda na giza na mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukijaa hawakusanyiki kwenye mwanga, vyombo vinapumzika ufukweni, nyavu zinashonwa, na pesa inapungua kwa wengi wasioshika nyavu kabisa: mama ntilie, muuza betri na taa, muuza mafuta, duka la rejareja la mtaani. Mfumo uliofungwa mwezi unapokaribia kujaa utakula sehemu nzuri ya siku zake 14 katika mauzo hafifu, na ripoti yake itaonyesha duka linaloelekea kufa. Uliofungwa giza linapoanza utakuta kaunta haina nafasi ya kumfundisha mtu. Mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane. Aliyepewa siku zake za bure ndani ya miezi hiyo alijaribu nini hasa?

Chukua kipengele cha madeni, ambacho kwa macho yangu ndicho kinachomvuta mwenye duka kuliko vingine vyote. Hapa mali kauli ndiyo roho ya biashara. Mwenye chombo anachukua mafuta, unga na kamba leo, atalipa akishavua na kuuza. Kipengele hicho hakiwezi kuonyesha thamani yake kabla mzunguko haujakamilika: umekopesha, wamevua, wamelipa au wamekukimbia, na orodha imekusaidia kuwafuata. Siku 14 zinaishia katikati, deni likiwa bado halijaiva. Mnunuzi wa dagaa huokota wachache kiganjani, akatafuna, akajua papo hapo kama wana mchanga. Mfumo wa biashara mchanga wake hutokea siku ya kufunga hesabu, stoo inapohesabiwa kwa mkono na namba za kwenye skrini zikakataa kukutana na katoni zilizo sakafuni.

Halafu kuna kazi ya mara tatu, ambayo matangazo hayaisemi. Mashine za EFD, za kutolea risiti za kodi, zipo tangu 2010, na risiti inayokwenda TRA, mamlaka ya mapato, ni kumbukumbu ya kodi. Haina majaribio, huwezi kutoa mauzo ya uongo ili uone kitufe kinafanya nini. Kwa hiyo anayejaribu mfumo mpya huuendesha kandokando ya vile alivyonavyo. Mfanyakazi wa kaunta anapiga EFD kwa sababu ya sheria, anaandika kaunta buku kwa sababu bosi analiamini, kisha anaingiza kwenye mfumo kwa sababu kijana wa kishikwambi ameomba. Wateja wakijaa, kinachorukwa kinajulikana. Siku chache tu mfumo una mapengo, na mfumo wenye mapengo unamdanganya mwenye duka kuliko kutokuwa nao kabisa. Nilimwuliza dada mmoja wa kaunta, kwenye duka la jumla Ujiji, kwa nini waliacha. “Kaka, bosi ndiye alikuwa anajaribu,” alinijibu. “Mwenye kuandika nilikuwa mimi.”

Wanaotetea majaribio ya bure wana hoja nzito, na sitaki kuipunja. Mfumo wa biashara huwezi kuujua kwa kipeperushi. Je, unajua kwamba mawese yanaingia kwa dumu la lita 20 na kutoka kwa chupa? Unaweza kuuza katoni na kipande cha bidhaa ileile bila kuvuruga stoo? Umeme ukikatika au mtandao ukigoma, mauzo ya asubuhi yanapotea? Kuna na wateja wa ng'ambo ya ziwa. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutoza kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, hivyo bei ni ya shilingi, lakini mnunuzi aliyetoka Uvira au Bujumbura anafikiri kwa faranga na anataka kujua leo inakuja ngapi. Juu ya yote kuna uchungu wa waliowahi kulipia mwaka mzima kwa mtu ambaye baadaye hakuonekana tena. Kumwambia mtu wa namna hiyo alipe kwanza ndipo aone ni kumtukana.

Nakubali yote hayo. Ila maswali hayo yanajibiwa ndani ya alasiri moja, mwuzaji akiketi na mteja, wakaingiza bidhaa ishirini za duka lake mwenyewe, wakauza za mfano, wakazima intaneti makusudi waone kitatokea nini. Hayahitaji wiki mbili. Kinachohitaji muda ni swali lingine kabisa, kama mfumo utaweza kuishi ndani ya duka hilo, na kwa swali hilo wiki mbili ni chache mno. Siku 14 zimekaa katikati, ndefu kupita kiasi kwa swali la kwanza na fupi kwa la pili. Watengenezaji wa Tally, mfumo wa Kihindi wa uhasibu ambao wahasibu wengi nchini wanaufahamu, waliligawa jambo hili kwa akili. Pamoja na majaribio ya siku chache, Tally ina hali ya kujifunzia isiyo na kikomo cha muda, ila inakuruhusu kuingiza miamala ya tarehe chache tu za mwezi. Unajifunza kila kitu hata mwaka mzima, lakini duka huwezi kuliendesha nayo. Mwanafunzi wa uhasibu anaufahamu kabla hajaajiriwa, na anapoajiriwa ndiye anayemshawishi bosi. Kampuni haikumtuma mtu na nauli.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayopendwa vijiweni, ni ile ya kwamba Mtanzania akipewa bure hathamini. Inasemwa kwa kujiamini kana kwamba imepimwa. M-Pesa ilipoingia nchini 2008 kusajiliwa kulikuwa bure na kuweka pesa kulikuwa bure. Ulikatwa ulipotuma au ulipotoa. Hao wasiothamini vya bure wameifanya simu kuwa benki yao. WhatsApp kwa miaka kadhaa ilikuwa na utaratibu wa mwaka wa kwanza bure kisha dola 0.99 kwa mwaka, hadi ilipoufuta Januari 2016, na leo ndiyo sehemu ya kupokelea oda kwa nusu ya maduka ninayoyajua. Vilivyofaulu vilimwacha mtu apate faida kwanza, kisha vikadai pale pesa inapopita, kwa kiasi ambacho hakikumshtua. Mwenye duka wa Mwanga analipia leseni, mlinzi, king'amuzi, bando la mwezi, na mashine ya EFD iliyomgharimu si haba. Anapokataa kulipia mfumo, mtu mwenye akili ataanza kwa kudhani kwamba hajaona faida, kabla hajamsingizia tabia.

Upande wa pili nao una msemo wake, kwamba cha bure ni mtego. Huu una ukweli zaidi kuliko wasemao wanavyojua. Muda wa majaribio ukiisha, orodha ya wadaiwa, majina yao, namba zao za simu na kiasi wanachodaiwa vimebaki kwenye seva ya mtu mwingine, na mara nyingi mwenye duka hana hata njia ya kuvitoa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya na anayechakata taarifa za watu ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na awajibike kwazo. Kampuni iliyogawa majaribio kwa maduka mia imejikusanyia madeni ya maelfu ya wavuvi na kina mama ambao hawajawahi kusikia jina lake. Sijaona tangazo la siku 14 linaloeleza taarifa hizo hufutwa lini. Hapa jambo la bure lina gharama, ila anayeibeba hayupo kaunta.

Kwa SACCOS na vyama vya ushirika majaribio ya bure hayana maana hata kidogo, na nitalisema kwa ufupi. Matumizi ya chama hupita kwenye makisio yanayoidhinishwa na mkutano mkuu wa wanachama. Karani anaweza kuupenda mfumo wiki hii, lakini hana mamlaka ya kuulipia, na mkutano uko miezi mbele. Zaidi ya hapo, daftari la akiba na mikopo ya wanachama si mahali pa kuchezea. Anayetaka kuviuzia vyama afanye onyesho mbele ya bodi, kisha mkataba mfupi wa kulipiwa wenye tarehe ya kukagua, na kila upande uwe na saini yake.

Kwa maduka, ningependekeza kampuni igeuze kinachotozwa. Kazi ya kuingiza bidhaa, kupanga bei na kumfundisha mfanyakazi ilipiwe tangu siku ya kwanza, kwa bei ya haki na kwa risiti. Hiyo ndiyo gharama halisi, na ndiyo kazi inayomfaa mwenye duka hata akiuacha mfumo, maana ataondoka na orodha safi ya mali yake kwenye faili. Mfumo wenyewe uwe bure hadi hesabu ya kwanza ya stoo ifungwe, iwe ni baada ya wiki tano au tisa, giza mbili zikiwa zimepita. Aliyelipia kuandaliwa atampa mfanyakazi wake muda wa kuandika, kwa sababu pesa yake imo. Hata wakubwa wanasogea upande huo. Shopify ya Kanada, kampuni ya mfumo wa maduka ya mtandaoni iliyokuwa ikitoa siku 14, ilikuja kuzipunguza hadi tatu, zikifuatiwa na kipindi cha kulipia dola moja. QuickBooks, programu ya uhasibu, nchini Marekani imekuwa ikimwachia mteja achague kati ya siku 30 za bure na punguzo la miezi ya mwanzo. Wamegundua kwamba aliyetoa kidogo ana sababu ya kurudi kesho yake.

Utaniambia kwamba ukianza kwa kutoza, watakaokubali ni wachache. Kweli kabisa. Kampuni itakuwa na wateja wanane ilipozoea kujisifu kwa mia mbili waliojisajili, na mwekezaji asiyejua mambo atakunja uso. Anayejua ataomba namba moja tu: maduka mangapi yamehesabu stoo kwa mfumo huo mara ya pili. Mabadiliko makubwa zaidi yatawakuta mawakala. Mawakala niliozungumza nao hapa mjini hulipwa kwa kila duka wanalolisajili, ndiyo maana wanakimbilia duka linalofuata kabla la kwanza halijajua kutoa risiti. Kampuni za Dar es Salaam hazitaweza kuhesabu misumari ya Mwanga kwa simu. Zitahitaji mtu wa hapahapa anayejua giza linaanza lini, na mtu huyo akiwa na akili atadai kamisheni ya kila mwezi kwa duka linaloendelea kulipa.